Makofi ya Upeponi

Siku ya kikao Sada alifagia duka lililokwisha fagiliwa, akapanga misumari kwa ukubwa, akaipangua, akaipanga tena. Mteja aliyetaka bawaba alipewa komeo, akalirudisha, akapewa kitasa. Mwishowe yule bwana akazunguka mwenyewe nyuma ya kaunta, akajichukulia bawaba zake, akaacha pesa juu ya mizani na kwenda zake huku akitikisa kichwa.

Duka lilikuwa la Huseni, kaka yake. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji wa Sumbawanga, na nyuma yake palilala maroli, nayo ya Huseni. Ndoa ya Sada ilipovunjika huko Mbeya, alirudi kwao akapokewa vizuri, akapewa chumba cha uani na funguo za duka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza anataka nini. Hilo ndilo lililokuwa likimwasha. Hakuteswa wala hakunyimwa kitu. Ila asubuhi Huseni alisema fungua, jioni akasema funga, na katikati ya siku alipiga simu kuuliza kama duka limefunguliwa.

Lakini ndani ya simu yake Sada alikuwa na jimbo zima.

Sayari, kwa asiyeijua, ni dunia ya mtandaoni. Mtu huingia kwa simu au kompyuta, akajichagulia mwili wa kutembelea, akapewa kiwanja, akajenga, akalima, akafuga, akagombana na jirani. Yaani maisha yaleyale ila bila vumbi. Ardhi yake imegawanywa katika majimbo, na kila jimbo lina mtu mmoja mwenye leseni ya kuliendesha. Jimbo la Sada liliitwa Upeponi. Yeye ndiye aliyefungua geti, aliyegawa viwanja, aliyehamisha visima na barabara, aliyefukuza matapeli na kuamua kesi za mipaka. Hakuna mtu Upeponi aliyewahi kuuziwa kiwanja kilichokwisha uzwa kwa mwingine, na wahamiaji wengi walikuja kwa sifa hiyo tu.

Wakazi wake walikuwa watu wa huku huku. Wengi walikuwa Wafipa, wa mjini na wa vijijini, na wale waliotawanyika kutafuta maisha Dar, Tunduma na hata Omani. Huko Upeponi walilima kama walivyolima mama zao, kwa matuta makubwa ya duara yanayofukia majani yakaoza na kuwa mbolea. Walisalimiana pia kama kwao: mdogo huchuchumaa mbele ya mkubwa, akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. Mkazi wa kwanza kabisa alikuwa Epifania, mwalimu wa chekechea wa pale Milanzi, na ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa Sada.

Mwaka mzima Sada alikuwa ameendesha jimbo kwa leseni ya muda. Leo Mamlaka ya Sayari ingemleta mkaguzi, wakazi waulizwe mbele yake kama wanamkubali, na wakimkubali wengi, apewe leseni ya kudumu. Asipokubaliwa, Upeponi ingepewa mtu mwingine. Ndiyo maana misumari ilikuwa haikai.

"Dada, tulia," Epifania alimwambia kwenye simu. "Watu wote wanakupenda. Unaogopa nini?"

"Naogopa wale vijana wako watamwambia mkaguzi 'mambo vipi, mshikaji'."

"Basi niwaambie nini?"

"Waambie ni mtu mzima yule. Wampokee kama mzee wa kwao. Heshima mwanzo mwisho. Na akiuliza kama mnanikubali, pigeni makofi, ndiyo ishara niliyoijaza kwenye maombi."

"Makofi tu?"

"Kulikuwa na kunyoosha mkono na kupiga makofi. Kunyoosha mkono nikaona tutafanana na watoto wako wa chekechea."

Epifania akacheka, akaenda kuwaambia watu. Sada akatazama upya orodha ya wakazi, jina kwa jina, akitafuta kasoro. Kasoro aliyoijua ilikuwa moja, na alikwisha iondoa yeye mwenyewe wiki kadhaa nyuma. Kulikuwa na mfugaji mmoja, Nyanda, kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia Ufipa na mifugo. Ng'ombe wake wa mle ndani walikuwa wamekanyaga matuta ya Epifania na ya majirani zake, kelele zikawa nyingi, na Sada, asitake mkaguzi akute ugomvi, akamfungia geti. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, kati ya mteja wa saruji na mteja wa rangi. Alijiambia kwamba kikao kikipita atamfungulia.

Baada ya adhuhuri mkaguzi akaingia. Mwili aliojichagulia ulikuwa wa mzee hasa: mvi kichwa kizima, mgongo umeinama, kanzu, fimbo. Kwa tunavyojua sisi, nyuma yake huenda alikuwa kijana wa juzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akila karanga. Lakini sauti ilikuwa nzito na ya taratibu, Kiswahili cha watu wa Pwani, na uwanja wa Upeponi ukanyamaza wote.

Sada alikuwa ameketi nyuma ya magunia ya saruji, simu mkononi, hijabu imemteleza hata hana habari.

Mzee akasoma. Alisoma sheria, akasoma vifungu, akasoma mipaka ya jimbo kaskazini na kusini. Mtandao ulikuwa unakatika na kurudi, kama kawaida yake upepo ukivuma. Katikati ya vifungu hivyo Sada akasikia jambo ambalo hakulitarajia: Kampuni ya Mlango Mwekundu, yenye jimbo la jirani lililojaa majumba ya kamari, ilikuwa imeomba Upeponi iunganishwe na jimbo lake. Ombi hilo, kwa mujibu wa sheria, lilitakiwa kuamuliwa kwanza, na lingepita iwapo hakuna mkazi hata mmoja aliyelipinga.

Sada alitabasamu. Nani Upeponi angewataka wacheza kamari?

"Hayo ndiyo maombi yaliyoletwa," mzee akamaliza, akaegemea fimbo yake. "Nimesema. Wakazi mnasemaje?"

Na wakazi wote wa Upeponi, wazee kwa vijana, wa Milanzi na wa Omani, wakachuchumaa kwa adabu mbele ya yule mwenye mvi wakapiga makofi.

Kwa Mfipa makofi yale yana maana moja: tumekusikia, mzee. Kukubali au kukataa ni habari nyingine, inakuja baadaye, watu wakishakaa wakaongea. Neno la mtu mzima kwanza hupokewa, ndipo lijadiliwe. Na kuanza kulijadili kabla ya kulipokea ni utovu wa adabu ambao hata mtoto hukatazwa. Mitambo ya Sayari haikujua lolote kati ya hayo. Ilihesabu makofi, kengele ikalia, na maandishi ya kijani yakatokea angani juu ya uwanja: WALIOKUWEPO WOTE WAMEKUBALI.

"Hapana!" Sada alipiga kelele, mle dukani. Mama mmoja aliyekuwa akichagua rangi akaangusha kopo.

Akafungua kipaza sauti. "Shikamoo, mzee. Samahani sana, kuna makosa. Hawa hawajakubali, hawa wamekusalimu. Wameyapokea maneno yako tu. Ni desturi yao."

"Marahaba, mwenye jimbo. Ishara ya kukubali aliichagua nani?"

"Mimi," Sada akajibu.

"Na uliwafahamisha?"

"Niliwafahamisha."

"Kura ikishapigwa haifutwi. Na mwenye leseni hana kura."

Uwanjani watu walikuwa wameanza kuelewa. Wengine waliruka juu, wengine walipiga mayowe, mmoja wa Tunduma alimwambia mkaguzi neno ambalo halisemwi mbele za wazee, heshima yote ikawa imekwisha, na imekwisha bila faida. Epifania alikuwa analia kwa sauti. Alisema, "Sisi tulikuwa tunamsalimia! Dada Sada, tulikuwa tunamsalimia kama ulivyosema!"

Sada alizaliwa Sumbawanga, amekua akiyaona makofi hayo sokoni, misibani, kwenye milango ya nyumba za marafiki zake. Aliyajua vizuri sana, na bado alipokuwa akijaza maombi aliyafikiria yale mengine, ya harusini na ya mikutano ya hadhara. Tena akaenda akawahimiza watu wawe na adabu. Alitamani kujipiga kibao.

"Hata hivyo," mkaguzi akasema, na uwanja ukatulia, "naona mkazi mmoja hakuwepo. Jina lake bado lipo kwenye orodha, ila amefungiwa nje ya geti. Nyanda. Huyu hajaulizwa. Nitamngoja hadi jua litakapozama. Anijibu kwa sauti yake mwenyewe. Akipinga, ombi limekufa. Akikubali, au asipopatikana, jimbo linaunganishwa."

Sada alimpigia Nyanda papo hapo. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akatoka nje ya duka akapiga, akaingia akapiga, akapanda juu ya magunia akapiga, kana kwamba Nyanda yuko darini.

Faruk, mtoto wa shangazi yao, alikuwa anapakia mabati kwenye roli la Huseni la kwenda Namanyere. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi.

"Nyanda yupi? Yule mrefu mwenye simu shingoni? Kama ndiye, jana jioni nimempita njiani, anaswaga ng'ombe kuelekea mnadani. Leo atakuwa mbele ya Chala."

"Nipeleke."

"Na duka?"

Sada alilitazama duka. Halafu akamwomba radhi yule mama wa rangi, akashusha mlango wa chuma, akafunga kufuli zote mbili, jua likiwa bado juu. Kufunga duka la Huseni mchana lilikuwa jambo ambalo halijatokea tangu siku ya mazishi ya baba yao. Walikuwa hawajatoka hata nje ya mji, simu ikaita.

"Sada, umefungua?"

"Nimefunga, kaka."

"Umefanya nini?"

"Nimefunga. Nina kazi yangu. Nitakueleza nikirudi." Akakata simu. Faruk akapiga mluzi.

Roli lilikwenda. Kwa Sada lilikuwa halitembei kabisa. Kila mlima Faruk alishusha gia na kila mlima Sada alikanyaga sakafu kama kuna pedeli upande wake. Uwanda ulikuwa mkavu, mahindi yamekwisha vunwa, upepo unalaza nyasi upande mmoja na kuzirudisha. Alitunga maneno ya kumwambia Nyanda. Kwanza alitunga ya kuamuru: mimi mwenye jimbo nakutaka upinge. Akayaona mabaya. Akatunga ya kubembeleza, yakawa mabaya zaidi.

"Kwa hiyo," Faruk akasema, "tunakimbiza roli la mabati kumtafuta mtu, kwa sababu ya ng'ombe wa kwenye simu."

"Si ng'ombe. Ni leseni."

"Ya kwenye simu."

"Faruk, wewe hili roli ni lako?"

"La kaka yako."

"Na nyumba unayolala?"

"Nayo ya kaka yako. Unajua."

"Basi usinicheke."

Faruk hakucheka tena. Aliongeza mwendo kidogo, hadi mabati yakaanza kulia nyuma.

Waliwaona ng'ombe kabla ya kumwona mtu, kundi kubwa limetanda kando ya barabara mbele ya Chala. Nyanda alikuwa amesimama katikati yao, mrefu, koti zito, katambuga miguuni, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake. Simu ilikuwa shingoni kwa kamba, na mgongoni kisahani cha sola cha kuichajia. Sada aliruka kutoka kwenye roli kabla halijasimama vizuri, akakanyaga mavi mabichi, akaendelea kwenda.

"Nyanda! Habari za safari?"

Yule kijana alimtazama. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

"Nzuri. Wewe ndiye dada Sada. Sauti naijua."

"Ndiye mimi. Simu yako haipatikani."

"Huku chini hakuna mtandao. Mpaka upande pale juu." Alionyesha kwa kidevu mwinuko uliokuwa hatua chache kutoka barabarani.

Sada alimwaga maneno yote, yale ya kuamuru na yale ya kubembeleza yamechanganyika: mkaguzi, makofi, Mlango Mwekundu, jua. Nyanda alisikiliza bila kumkatiza. Ng'ombe mmoja alikuja akamnusa Sada mkono.

"Wale Mlango Mwekundu wameniandikia," akasema hatimaye. "Wamesema wakilichukua jimbo, watanifungulia geti siku hiyohiyo. Wewe ulinifungia."

"Kwa muda tu. Nilikuwa nataka kikao kipite."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Walikuja wakakwambia ng'ombe wa Nyanda wamekanyaga matuta. Ni kweli, walikanyaga. Ungeniuliza ningekwambia kwa nini. Kisima cha upande wetu ulikihamisha, dada. Ukakipeleka karibu na uwanja, pakapendeza. Ng'ombe wakafuata maji. Njia ya kwenda kwenye maji inapita mashambani."

Sada alikikumbuka kisima. Alikihamisha asubuhi moja kwa sababu pale kilipokuwa kiliharibu sura ya barabara.

"Hawa unaowaona," Nyanda akaendelea, "ni wa baba mdogo, Mboje. Wote. Mimi nawaswaga tu. Akisema uza, nauza. Akisema rudisha, narudisha. Wangu walikuwa kule kwako. Nilianza na ndama mmoja, na kila mmoja nilimpa jina." Akaishika simu yake bila kuitazama. "Sasa hivi wananyweshwa na nani?"

Swali hilo Sada alikuwa analiogopa tangu lile neno kisima. Katika Sayari mnyama asiyeonwa na mwenyewe, asiye na maji karibu, hudhoofika, halafu mitambo humfuta ili asijaze nafasi bure. Sheria hiyo aliijua. Alikuwa ameiweka ukutani mwa geti yeye mwenyewe. Hakuwa ameihusisha na mtu yeyote.

Akapanda kwenye mwinuko, Nyanda nyuma yake. Mtandao ulirudi. Sada akafungua Upeponi, akaenda upande wa malisho, akaona nyasi. Akazunguka. Palikuwa na nyasi na uzio, na alama za kwato zilizoanza kufifia.

Angeweza kusema wapo. Jua lilikuwa limekwisha lala juu ya vilima, mkaguzi angepiga wakati wowote, na Nyanda hangeweza kuona ndani ya geti lililofungwa. Neno moja tu la kumtuliza lingetosha, na baadaye angelitengeneza. Sada alilihisi lile neno mdomoni kabisa. Na hapohapo akaona kwamba akilisema, hatakaa atulie ndani ya Upeponi tena, hata akipewa leseni ya milele.

"Hawapo, Nyanda," akasema. "Wamefutwa. Hakuna hata mmoja. Ni mimi niliyefanya hivyo, kwa kisima na kwa geti. Sikuwafikiria."

Nyanda alitazama kule chini waliko ng'ombe wa Mboje, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa asiyejua kama anaruhusiwa kulia, kwa sababu watu wangemwambia hao walikuwa ng'ombe wa kwenye simu.

Simu yake ikaita shingoni.

"Nyanda, mkazi wa Upeponi?" Sauti ya mzee ilisikika wazi pale juu, upepo na yote. "Unaulizwa mbele ya wakazi wenzako wanaokusikia uwanjani. Unakubali jimbo hili liunganishwe na la Mlango Mwekundu?"

Sada alifumba macho.

"Sikubali," Nyanda akasema.

Ikasikika kelele kutoka kwenye simu, kelele ya watu wengi kwa pamoja, na ndani yake Sada akaitambua sauti ya Epifania.

"Una sababu?" mzee akauliza. "Hulazimiki kuitoa."

"Ninayo. Nimedhulumiwa Upeponi, na aliyenidhulumu namjua. Amesimama hapa, mavi yamemjaa viatu. Wale wa Mlango Mwekundu wakinidhulumu, nitakwenda kumwona nani?"

"Imeandikwa. Ombi limekataliwa. Sasa swali la pili, kwako na kwa wakazi wote: mnakubali Sada binti Shamsi apewe leseni ya kudumu? Safari hii msipige makofi kabla sijamaliza, na anayepiga ajue anachopiga."

Mle uwanjani makofi yakaanza kulia, si yale ya polepole ya kuchuchumaa. Haya yalikuwa ya nguvu, ya watu waliosimama. Sada aliyasikia kupitia simu iliyoning'inia kifuani mwa mtu mwingine. Machozi yalimtoka bila kutaka.

"Nyanda?" mzee akasema. "Wewe bado."

Nyanda akamtazama Sada, macho makavu.

"Sikubali."

"Imeandikwa. Wengi wamekubali, mmoja amekataa. Sheria inataka wengi. Mwenye jimbo, leseni ni yako. Kwaherini."

Simu ya Sada ikatetemeka mkononi. Hati ilikuwa imeingia, na jina lake kamili, na mhuri, na neno KUDUMU. Mwaka mzima alikuwa akiiwazia siku hii, na kila mara alijiona akicheka. Akaitazama ile hati, halafu akamtazama yule kijana mrefu aliyekuwa amemwokoa na kumkataa kwa pumzi moja.

"Kwa nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Nilipofungiwa nilikupigia simu," Nyanda akasema. "Leo asubuhi, kesho asubuhi, hivyo hivyo. Napanda kwenye mlima nakupigia. Ulikuwa hupokei. Leo umenihitaji, umenifuata mpaka huku kwa roli."

Ni kweli. Namba aliiona. Alikuwa akiilaza simu kifudifudi juu ya kaunta na kumwuliza mteja anayefuata anataka nini.

Chini barabarani Faruk alipiga honi, akapaza sauti kwamba mabati ya watu yanangojwa Namanyere. Sada hakugeuka. Alibonyeza mara moja, geti la Upeponi likafunguka kwa Nyanda. Nyanda akaiona ishara kwenye simu yake. Hakwenda malishoni. Sada alimwona akiandika kwa kidole gumba, polepole, kama mtu asiyetaka kukosea. Alipomaliza, simu ya Sada ikatetemeka tena, na juu ya ile hati mpya kabisa likaja tangazo la kwanza la leseni yake: mkazi ameleta shauri. Mlalamikaji, Nyanda. Mlalamikiwa, Sada binti Shamsi. Mwamuzi, mwenye jimbo.

"Tarehe utapanga wewe," Nyanda akasema. "Nikiulizwa nitasema mbele ya watu wote."

"Utasema mbele ya watu wote," Sada akajibu. "Na wao watachagua mwamuzi, si mimi. Lakini mimi nataka kusikia sasa."

"Sasa nina ng'ombe wa kuwafikisha mnadani."

"Najua."

Upepo ulikuwa mkali na baridi imeanza kuingia. Sada aliketi chini, palepale kwenye nyasi, simu akaizima na kuitia mfukoni.

"Walikuwa wanaitwaje?" akauliza.

Nyanda akapiga mluzi, akateremka, akawatoa ng'ombe wa baba yake mdogo barabarani na kuwaelekeza kwenye majani ili wale taratibu huku yeye akirudi kumjibu Sada, kwa sababu majina yalikuwa mengi na hakutaka kuyasema haraka.